Kumpokea Mgonjwa Bila Kumhukumu

Wazee walisema mficha uchi hazai, nasi watoa huduma za afya tumeifanya methali hiyo kuwa karipio la kila siku. Mgonjwa akificha jambo tunamkumbusha methali, tunamlaumu, kisha tunaandika katika jalada lake kwamba hakutoa ushirikiano. Ni mara chache tunapotazama upande wa pili wa maneno hayo. Uchi huvuliwa mbele ya nani? Mwanamke wa zamani hakujifunua kwa kila mpita njia. Alijifunua kwa mkunga, kwa kuwa alijua kwamba yatakayoonekana mle chumbani hayatafika kisimani. Makala hii inahusu chumba hicho, na inahusu wagonjwa ambao kwao mlango wake umekuwa mzito kuusukuma: wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na wanawake wanaopenda wanawake wenzao.

Nitaanza na kosa langu. Nilipokuwa daktari mchanga katika kituo kimoja cha afya, alinijia kijana wa miaka ishirini na kitu, akilalamikia maumivu wakati wa haja kubwa na matone ya damu. Nilimwuliza kuhusu choo kigumu, kuhusu mboga na matunda, kuhusu maji anayokunywa. Nikaandika bawasiri, nikampa dawa ya kupaka. Alirudi baada ya wiki mbili, nikabadilisha dawa. Aliporudi mara ya tatu sikuwa zamu, akapokewa na muuguzi wa siku nyingi, mama aliyekuwa karibu kustaafu. Huyo hakuanza na mboga. Alifunga mlango, akaketi, akamwambia: "Mwanangu, maumivu ya namna hii yana sababu nyingi, na mojawapo ni maambukizi yanayopatikana kwa kujamiiana kwa njia ya nyuma. Tunawaona hapa wanaume na wanawake wenye tatizo hilo, na tunalitibu. Je, kwako laweza kuwa hilo?" Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema laweza kuwa hilo. Alikuwa na kisonono cha puru, na kipimo cha VVU alichofanyiwa siku hiyo kilionyesha kwamba ana maambukizi.

Baadaye nilipata nafasi ya kumwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Hakutaka kujibu, nami sikumshurutisha. Alipofika mlangoni akageuka. Siku ile ya kwanza, alisema, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na mlango wangu ulikuwa wazi. Alinisikia mimi na karani wa mapokezi tukimcheka mwanaume mmoja aliyepita akitembea kwa madaha. Sikuwa nimemtukana kijana yule. Sikuwa hata nimemwona. Lakini alikuwa amekwisha kupata jibu langu kabla hajaingia.

Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa mapema kwamba sehemu kubwa ya utambuzi wa ugonjwa hutokana na maelezo ya mgonjwa, kabla ya kipimo chochote. Kwa hiyo kicheko kile hakikuwa kosa la adabu peke yake. Kilikuwa kosa la kitabibu, sawa na kusoma vibaya picha ya eksirei: kilinipokonya taarifa niliyoihitaji, nikabaki nikitibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao, huku ule aliokuwa nao ukiendelea.

Ni vyema kueleza kwa nini taarifa hiyo ina uzito. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Utando wake wa ndani una tabaka moja tu la seli, tofauti na uke ambao umefunikwa kwa matabaka kadhaa. Utando huo huchubuka kwa urahisi, na chini yake zipo kwa wingi seli za kinga ambazo VVU huzishambulia. Ndiyo sababu ngono ya njia hiyo bila kinga hubeba hatari ya kuambukizwa VVU iliyo kubwa kuliko ile ya ngono ya uke, hasa kwa anayeingiliwa, awe mwanaume au mwanamke. Kisonono na klamidia za puru mara nyingi hazionyeshi dalili yoyote: hakuna usaha unaoonekana wala maumivu ya kukojoa. Katika vituo vyetu vingi magonjwa ya zinaa hutibiwa kwa kufuata dalili, kwa hiyo asiye na dalili hupita bila kuguswa. Hata palipo na maabara nzuri, kipimo cha mkojo hakiwezi kuonyesha vimelea vilivyo katika puru. Lazima sampuli ichukuliwe pale penyewe, na hakuna atakayeichukua asipojua kwamba inahitajika. Kaswende nayo huweza kuanza kama kidonda kisichouma ndani ya puru, kikapona chenyewe, na ugonjwa ukaendelea mwilini kimyakimya.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba maelezo hayo hayachagui. Wapo wanawake walioolewa kwa ndoa halali ambao hujamiiana kwa njia hiyo, kwa hiari au kwa kulazimishwa na waume zao, na wao pia hawaulizwi. Mhudumu anayejifunza kumwuliza mwanaume mmoja bila kumwaibisha amejifunza kuwauliza na hao. Wanawake wanaopenda wanawake, kwa upande wao, huambiwa mara nyingi kwamba hawana haja ya kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kuwa hawalali na wanaume. Hilo si kweli. Virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani hiyo huambukizwa kwa mgusano wa ngozi na viungo vya uzazi, hata baina ya wanawake.

Tatizo linalofuata ni la maneno, na Kiswahili chetu kina mitego yake. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, neno la mapenzi mema. Likielekezwa kwa mwanaume hugeuka kuwa jiwe. Msenge ni tusi, halina kazi yoyote hospitalini. Hanithi ni mwanaume asiye na nguvu za kiume, na kwa maana hiyo neno uhanithi limezoeleka katika maandishi ya tiba, ilhali mitaani hutumiwa kwa mwanaume anayelala na wanaume. Nimewahi kuona barua ya rufaa iliyotumia neno hilo, na mwenzangu aliyeipokea hakujua mgonjwa ametumwa kwake kwa tatizo lipi.

Hata neno lenye adabu laweza kupotosha. Mwanaume anayeitwa basha, yaani yule anayeingilia, mara nyingi hajioni kuwa shoga hata kidogo. Huenda ana mke na watoto. Ukimwuliza kama ni shoga atakujibu la, na kwa mizani yake amesema kweli. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya ya jamii walibuni istilahi ndefu, "wanaume wanaofanya ngono na wanaume", inayotaja kitendo na kuacha jina. Istilahi hiyo inafaa kwenye fomu, nami naitumia. Hata hivyo ina ukavu wake. Mbele ya mtu aliyefiwa na mwenziwe wa miaka kumi, anayelia kwa siri kwa kuwa msibani alitambulishwa kama mpangaji, haitoshi kumwona kama mtenda vitendo.

Basi tuulize vipi? Muuguzi yule alinifundisha utaratibu ambao sijaupata katika kitabu kwa uwazi kama huo. Kwanza funga mlango, na mwombe ndugu aliyemsindikiza mgonjwa akae nje kidogo. Eleza sababu ya swali kabla ya swali lenyewe: "Maswali haya nawauliza wagonjwa wangu wote, kwa kuwa majibu yake hunionyesha vipimo vinavyofaa." Kisha uliza kuhusu vitendo: "Je, wenzi wako ni wanawake, wanaume, au wote?" na "Mnapokutana, ni sehemu gani za mwili zinazohusika?" Uliza kwa sauti ile ile unayoulizia kikohozi. Usijazie jibu. Usiulize "mkeo hajambo?" ukidhani umeonyesha uchangamfu, maana umekwisha kumwambia unatarajia kusikia nini. Mgonjwa akikujibu, shukuru, andika kile tu kinachohitajika kwa tiba, na usiliache jalada mezani kwa karani. Mgonjwa mzee kuliko wewe aulizwe kwa heshima ya umri wake. Wapo wazee wa miaka sitini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza, na huulizwa wakajibu.

Wapo watakaosema kwamba tabia za wahudumu hazibadiliki kwa mafunzo. Uzoefu wa Pwani ya Kenya unatupa jibu la kutia moyo, ingawa ulianzia katika jambo baya. Mwezi Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulienea Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na kundi la watu wenye hasira likakizingira kituo cha afya kilichokuwa kikishiriki utafiti na huduma za VVU kwa wanaume hao. Miaka michache baadaye, watafiti waliofanya kazi katika eneo hilo waliwapa mafunzo ya siku mbili wahudumu 74 kutoka kliniki 49 za Pwani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kabla ya mafunzo, wenye ujuzi wa kutosha kuhusu afya ya wagonjwa hawa walikuwa asilimia 13. Miezi mitatu baadaye walikuwa asilimia 49. Chuki nayo ilipungua, na iliyopungua zaidi ni ya wale waliokuwa nayo kwa wingi mwanzoni. Asilimia 49 si ushindi. Nusu bado hawakujua vya kutosha. Lakini siku mbili ni muda mfupi kuliko semina nyingi tunazohudhuria kwa ajili ya posho.

Sasa niwageukie wazazi. Si mara moja wala mbili mama ameketi mbele yangu, amemwacha mwanawe kwenye benchi, akaniambia: "Daktari, nipe dawa ya mwanangu." Hana homa wala kidonda. Kosa lake ni kumpenda mwanaume mwenzake. Mama huyo hastahili kudhihakiwa, kwa maana amekuja na hofu ya kweli: majirani, ndugu wa mume, wajukuu anaodhani hatawaona. Anastahili kuambiwa ukweli wa taaluma yetu, na ukweli wenyewe una historia.

Tiba nayo iliwahi kuhukumu. Kwa miongo mingi madaktari wa akili waliandika mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa, wakijenga hoja zao juu ya wagonjwa waliowaona kliniki na wafungwa waliowaona magereza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Evelyn Hooker, aliuliza swali jepesi: je, tumewahi kuwapima wale wasioumwa? Alichukua wanaume 30 wapendao wanaume, wanaoishi maisha yao ya kawaida, na wengine 30 wapendao wanawake, akawapa vipimo vya kisaikolojia vilivyotumika wakati ule, kisha akawakabidhi mabingwa wa vipimo hivyo majibu yasiyo na majina. Mabingwa hawakuweza kutofautisha kundi moja na jingine. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1957. Desemba 1973, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi, na tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari Duniani, kikikutana Brazil, kilitamka kwamba hali hii ni namna mojawapo ya kawaida ya jinsia ya binadamu, na kikalaani tiba zinazodai kuibadilisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama huwa hili: "Mama, sina dawa, kwa kuwa hakuna ugonjwa. Yanayotuumizia vijana hawa ni upweke, hofu, na kufukuzwa nyumbani. Hayo ndiyo yanayotuletea huku wenye sonona na waliokunywa sumu. Ukitaka kumkinga, mwache alale kwako usiku wa leo." Wengine huondoka wamenikasirikia. Wengine hurudi, na baadhi yao ndio huwasindikiza wana wao kuchukua dawa kila mwezi.

Najua wasomaji wengi ni watu wa dini, nami ni mmoja wao. Makala hii haimwombi mtu abadili imani yake wala amwulize shehe au padri kama daktari amesema kweli. Inaomba jambo ambalo dini zetu na malezi yetu yalikwisha kulitaka: sitara. Kumsitiri mwenzako ni kuacha la nyumbani mwake likae nyumbani mwake. Twawatibu wazinzi, walevi na wala rushwa bila kuwauliza toba, na hakuna anayeona kwamba kwa kuwatibu tumezibariki dhambi. Sioni kwa nini mizani ibadilike kwa mtu mmoja tu kwenye foleni.

Ipo pia hofu ya sheria, na hapa mhudumu anahitaji maelezo yaliyo wazi. Katika Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Kenya, kifungu cha 162 kinafikia miaka 14. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hazina sheria ya namna hiyo. Lakini sheria hizo zinahusu vitendo na mahakama. Hazijamgeuza tabibu kuwa mpelelezi. Uganda ilijaribu kufanya hivyo katika sheria yake ya mwaka 2023, ikamlazimisha kila mtu kutoa taarifa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, ilikifuta kifungu hicho cha kutoa taarifa, pamoja na vingine vichache, kwa kugongana na haki za faragha na afya. Nchini Tanzania, sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yawe siri, bila kubagua ni ya nani.

Kuna ombi moja ambalo daktari hupaswa kulikataa: kuletewa mtu aliyekamatwa ili apimwe njia ya haja kubwa kwa nguvu, itajwe kama amewahi kuingiliwa. Wazo kwamba mwili hubeba alama za tendo hilo lilienezwa na tabibu Mfaransa, Ambroise Tardieu, katika kitabu chake cha mwaka 1857, na halina msingi wa kisayansi. Kipimo hicho hakithibitishi lolote isipokuwa kwamba mtu amedhalilishwa na daktari. Chama cha Madaktari Duniani kilikikataa mwaka 2017, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi Mombasa, iliamua kwamba kuwapima hivyo wanaume wawili waliokamatwa Kwale kulivunja haki zao.

Nitenge jambo moja lisichanganywe na haya. Kumlawiti mtoto, au mtu mzima asiyeridhia, ni ukatili, na mhudumu anayeukuta ana wajibu wa kumlinda aliyetendewa na kufuata taratibu za ustawi wa jamii na polisi. Mwanaume aliyebakwa pia ni mgonjwa wa dharura: dawa za kuzuia VVU baada ya tukio hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea kwa maswali ya kejeli inapunguza uwezo wake.

Gharama ya hukumu haibaki kwa anayehukumiwa. Kati ya tafiti zilizochapishwa mwaka 2019, mmoja uliwafuatilia Ulaya wapenzi wa kiume jozi 782, mmoja katika kila jozi akiwa na VVU anayetumia dawa na ambaye virusi vyake havikuonekana tena katika kipimo. Hawakutumia kondomu, na hakuna hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenzi huyo kwenda kwa mwenzake. Mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri anamlinda mwenziwe na, palipo na mke, anamlinda mke. Yule tuliyemfukuza kwa macho bado ana virusi, na bado anaishi mtaani kwetu.

Kwako mgonjwa unayesoma ukiwa na jambo hujalisema: si lazima ulieleze kwa karani, wala dirishani, wala mbele ya wanafunzi. Waweza kusema tu, "Naomba kuonana na daktari faraghani," na hilo linatosha kwa hatua ya kwanza. Ukiingia, waweza kuuliza yatakayoandikwa na nani atayasoma. Kama kutamka ni kugumu, andika kwenye kipande cha karatasi, "nimewahi kuingiliwa," au "mwenzi wangu ni mwanaume," kisha umpe. Omba kipimo cha kaswende na cha homa ya ini aina ya B pamoja na kile cha VVU. Ya ini ina chanjo kwa ambaye hajaambukizwa. Ulizia dawa kinga ya VVU kama bado huna maambukizi. Ukikutana na mhudumu anayekucheka, ondoka kwake lakini usiondoke kwenye tiba: mwulizie muuguzi mkuu wa zamu, au nenda kliniki ya VVU ya hospitali ya wilaya, ambako wengi wamekwisha kuzoea kusikia. Damu wakati wa haja, kidonda hata kisichouma, au homa isiyoisha, visingoje mwezi ujao.